Barua Zilizosomwa na Jirani

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nitasema jambo ambalo hata mume wangu, aliyeketi kule nyuma, hajalisikia lote.

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi tulikaa nyumba za wafanyakazi wa reli, mtaa wa Nsambya. Watu wawili waliofanya kazi na mume wangu walichukuliwa, hawakurudi. Yeye akakimbilia Kenya, akaniacha na watoto watatu. Barua zake zililetwa kwa mkono na mfanyakazi wa treni. Mimi sikujua kusoma. Alinisomea jirani yangu, mama wa watoto sita, aliyejifunza ukubwani kwa mwalimu wa kanisa.

Nawaambieni, wivu ulinila. "Mke wangu mpenzi" ya mume wangu ilitoka kinywani mwa mwanamke mwingine! Tena nikajiuliza, huyu ana sita, mimi watatu. Muda wa kusoma aliupata wapi? Mimi asubuhi nafua nguo za watu, mchana natafuta sukari na sabuni. Nikamwona kama ameniibia saa zangu.

Barua iliyofuata sikumpelekea. Niliificha chini ya godoro wiki tatu, mpaka yule mtu wa treni akaja kuniuliza mbona nimenyamaza. Kumbe mume wangu alikuwa amelazwa, akiomba neno moja tu kutoka kwangu.

Nikaenda kwa jirani nikilia, nikakiri yote. Hakunilaumu. Aliandika jibu palepale. Ndipo nikamwuliza muda aliupata wapi.

"Muda sikuwa nao, dada," akasema. "Nilikuwa na foleni ya sukari, humo nikirudia masomo ya mwalimu. Kesho tusimame pamoja."

Tukasimama, kesho na siku nyingi. Herufi alinichorea kwenye karatasi iliyofungiwa chumvi. Siku moja askari aliyelinda foleni akaninyang'anya ile karatasi, akataka kujua tunaandika nini juu ya serikali. Niliweka kidole, nikamsomea: "Ba-ba. Ma-ma. Su-ka-ri." Akanirudishia karatasi yangu.

Baada ya miezi mitano mimi mwenyewe nilimwandikia mume wangu, mistari minne.

Namshukuru yule mwalimu, na yule mtu wa treni, na jirani yangu. Yumo humu, simtaji, hapendi kutazamwa. Wivu bado hunijia, sidanganyi. Juzi tu nimemwona na kitabu kinene kuliko changu. Lakini siku hizi ukinijia, naenda kumwuliza amefanyaje. Nanyi, ndugu zangu, mwenye kile mnachokitamani, kamwulizeni kabla hamjamchukia.