Tumefika Wote: Maisha ya Dada Kengele, Mpeleka Barua wa Baiskeli

Ndugu, majirani, wenzetu wa posta, madereva, na ninyi waendesha baiskeli mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: mimi ni mdogo wake marehemu, wa pili kuzaliwa, dereva wa lori. Familia ilitaka wasifu huu usomwe na mtu mwenye sauti nzuri. Marehemu aliacha maagizo kwamba nisome mimi, na kwamba nisiruke kitu. Mnamjua. Hata leo nisingethubutu kumbishia.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Dada Kengele, alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Aprili 1951, katika nyumba ya tatu kutoka mwisho kwenye kota za wafanyakazi wa reli. Alikuwa wa kwanza katika watoto watano. Baba yetu alikuwa fundi wa reli, na mama yetu alishona mashuka ya hospitali nyumbani. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa tayari anatoa amri, na sisi wanne tuliofuata hatukuwahi kuona ushahidi wa kupinga.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1964 na sekondari mwaka 1968. Shule ilikuwa mbali, hivyo alijifunza mapema kuendesha baiskeli ya baba. Miguu ilikuwa haifiki, basi alipitisha mguu mmoja katikati ya fremu na kuendesha akiwa ameinama upande. Mimi nilikaa nyuma kwenye keria. Baiskeli haikuwa na kengele, kwa hiyo kengele nilikuwa mimi. "Ukiona mtu, piga kelele," aliniambia. Siku moja nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini breki hazikushika, tukaishia katikati ya bustani ya mwalimu wa hesabu, juu ya nyanya zake. Mwalimu akauliza kosa ni la nani. Dada akajibu, "La breki, mwalimu." Mwalimu akamtazama akamwambia, "Na breki ni za nani?" Neno lile lilimwingia. Maisha yake yote, mtu akianza kutoa visingizio, alimuuliza taratibu: na breki ni za nani?

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa posta, akawekwa chumba cha nyuma kupanga barua. Miaka miwili baadaye mpeleka barua mmoja alistaafu, naye akaomba apewe kazi ile na baiskeli yake. Mkubwa wa ofisi alimwambia hajawahi kumpa mwanamke kazi hiyo, na kwamba baiskeli ya posta ni nzito. Marehemu akamuuliza, "Nzito kuliko mdogo wangu?" Akapewa majaribio ya mwezi mmoja, na majaribio hayo yakadumu miaka thelathini na minne, mpaka alipostaafu mwaka 2006. Jambo la kwanza alilofanya ni kununua kengele ya shaba, iliyosikika mtaa mzima. Mbwa waliijua, na wagonjwa waliokuwa wakingoja barua za watoto wao waliijua pia. Jina la Dada Kengele lilitokea hapo.

Kengele hiyo ndiyo iliyomponza shemeji yetu, fundi cherehani, aliyekaa hapa mbele. Kwa miezi mitatu mwaka 1974 alikuwa akipokea barua kila Alhamisi, na kila Alhamisi alikuwa mlangoni amevaa shati lililopigwa pasi. Marehemu hakuwa mjinga. Mwandiko wa bahasha zile alikuwa amewahi kuuona kwenye risiti za duka la fundi. Siku moja akamkabidhi bahasha akamwambia, "Fundi, unajiandikia barua mwenyewe. Mara nyingine niandikie mimi, angalau mtu azijibu." Alhamisi iliyofuata barua ikaja kwa jina la dada. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Shemeji, pole sana. Uliivumilia kengele ile miaka karibu hamsini.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo nilimwomba dada yangu, akiwa hai, aniruhusu niiruke. Alikataa.

Wote mnalijua daraja la mtoni. Ni jembamba, halina njia ya pembeni, na kila anayetoka huku kwenda viwandani lazima alipite. Miaka ile lilikuwa linakula watu wawili au watatu kila mwaka, karibu wote wa baiskeli. Jumatatu, tarehe 22 Mei 1995, lilimla mwenzake wa posta, kijana tuliyemwita Mpole, baba wa watoto wawili. Alikuwa na mfuko wa barua begani. Lori la mchanga lilikuwa linatoka darajani, likakata kona, naye alikuwa ubavuni mwake. Dereva hakuwa amelewa na hakuwa amekimbiza gari. Wengi wenu mnajua, na asiyejua ajue leo: dereva wa lori lile ni mimi.

Mahakama ilikuja kuniachia, lakini mimi sikujiachia. Nilizifungia funguo kabatini nikakaa ndani. Siku ya tisa baada ya ajali marehemu alikuja yadini kwetu akatuma niitwe. Nilijua anakuja kunipa za uso, na nilikuwa nimejiandaa kuzipokea. Hakunisalimia. Alisema, "Panda ukae pale ulipokuwa." Nikapanda. Akaisimamisha baiskeli yake ubavuni mwa lori. "Unaiona?" Nikatazama kioo hiki na kile. Sikuiona. Akaniambia nishuke nishike baiskeli, akapanda yeye kwenye kiti changu. Naye akatazama kioo hiki na kile. Nilipomwita, nikaona analia. Akasema, "Mimi nina miaka ishirini na mitatu barabarani. Nimesimama hapo ulipo wewe kila siku, nikidhani dereva ananiona kwa kuwa mimi namwona. Mpole hakuambiwa na mtu kwamba haonekani. Nami ndiye niliyemfundisha kazi."

Halafu alishuka, akajifuta uso, akaniambia maneno niliyoyabeba mpaka leo: "Kesho unarudi kwenye usukani. Dereva anayejua mahali anapoua ndiye ninayemtaka barabarani. Nataka mwaka mmoja, Mei mpaka Mei, daraja lile lisizike mtu. Mmoja tu. Nami siachi mpaka niupate."

Hiyo ndiyo kazi yake ya pili, na haikuwa na mshahara. Jumamosi, tarehe 1 Julai 1995, katika yadi ya malori nyuma ya kinu cha unga, aliwakusanya madereva wanne na waendesha baiskeli kumi na mmoja. Mambo yalianza kwa matusi. Dereva wa basi alisema watu wa baiskeli hawana akili, wanachomoka kama kuku. Muuza maziwa akamjibu kwamba madereva wanadhani barabara waliachiwa urithi na baba zao. Marehemu aliwaacha wakachoka. Kisha akasema, "Mmemaliza? Haya, badilishaneni." Wa baiskeli wakapanda kwenye malori, madereva wakapewa baiskeli, na lori likawapita karibu, kama tulivyozoea kuwapita wao. Dereva yule wa basi alishuka akakaa chini, akaomba maji. "Hivi ndivyo tunavyowafanya?" akauliza. "Kila siku," akajibu muuza maziwa. "Na honi juu."

Kuhusu honi niseme ukweli. Sisi madereva tulikuwa na desturi tuliyoiona ni ustaarabu: ukimkaribia mwenye baiskeli unapiga honi kubwa, ili ajue upo. Tulijihesabu watu wema. Kumbe honi ile ndiyo ilikuwa inawatupa mtaroni. Nao wa baiskeli walikuwa na kosa lao, nalo pia la adabu: wakifika darajani walijibana ukingoni kabisa, kumpisha mkubwa, na mwenye gari akiona upenyo anajipenyeza. Basi marehemu akaweka utaratibu wake. Mwenye baiskeli akifika darajani anyooshe mkono, aingie katikati ya njia, avuke. Akishavuka asogee pembeni, ampungie mkono aliye nyuma apite. Na aliye nyuma angoje, honi aiache. Asiyekubali alimwambia, "Daraja zima kulivuka nyuma ya baiskeli ni dakika moja. Kaburi ni muda gani?"

Kwingine alidai mita moja na nusu kati ya gari na baiskeli. Aliipima kwa futi ya kushonea ya mumewe, akakata ufito wa urefu huo, akaufunga kwenye keria ukitokeza upande wa magari, na kitambaa chekundu mwishoni. Mwaka 1998 ufito huo ulichora mstari mrefu kwenye gari jipya la meneja wa posta. Meneja alimwita ofisini, amewaka moto. Marehemu akasimama mbele ya meza yake na ufito mkononi. "Mzee, ufito huu ni mita moja na nusu, pima. Kama umekugusa, ulikuwa karibu mno." Meneja akasema gari lilisogea kwa sababu ya shimo. Marehemu akamuuliza, "Na breki ni za nani?" Alisimamishwa kazi wiki mbili. Lakini Jumamosi iliyofuata meneja alionekana yadini, suruali ameikunja, anaomba baiskeli. Aliporudi kutoka kwenye zoezi alimwandikia marehemu arudi kazini kabla wiki mbili hazijaisha. Yupo hapa leo, amestaafu, na amekuja kwa baiskeli.

Mwaka aliouapia aliupata tarehe 22 Mei 2001. Hakufanya sherehe. Aliwanunulia madereva soda, akasema haya, wa pili. Novemba 2004 daraja likachukua mwanafunzi mmoja. Marehemu alikwenda msibani, akarudi, akaanza kuhesabu upya kutoka moja. Wenye mioyo myepesi tulimwambia imetosha, amejitahidi. Akatuambia, "Mama wa yule mtoto hajaambiwa imetosha." Na tangu siku ile, ndugu zangu, daraja lile halijazika mtu. Ni miaka kumi na tisa na miezi kumi. Watoto wengi waliosimama kule nyuma na kofia zao za baiskeli hawajui kwamba pale palikuwa mahali pa kufia. Wanapaona ni daraja tu. Huo ndio ushindi wa dada yangu, na mimi najivuna kwa niaba yake, maana yeye hakujua kujivuna.

Mwaka 2022 aligunduliwa na ugonjwa wa figo. Kila Jumanne na Ijumaa nilimpeleka hospitali kusafishwa damu, naye akiwa kwenye kiti cha abiria aliendesha gari kuliko mimi. Siku moja, mwezi Agosti mwaka huu, tulimkuta muuza mikate darajani, amepakia keria mpaka juu ya kichwa. Tulikaa nyuma yake mpaka mwisho. Tulichelewa, na muuguzi alitugombeza. Marehemu akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Mimi nimechelewa, lakini mikate imefika." Alitutoka Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Maagizo yake ya leo yalikuwa kwenye bahasha, yamepigwa muhuri, kama ilivyomstahili mtu wa posta. Alitaka abebwe kwa lori, na dereva niwe mimi. Baiskeli zitangulie. Na pasipite gari lolote mbele ya baiskeli darajani, hata yeye akiwa ndani yake.

Asubuhi hii, mlioona mliona. Baiskeli zilikuwa mia mbili na zaidi, na nyuma yetu mabasi, malori na magari madogo mpaka macho yanaishia. Hakuna aliyepiga honi. Aliyekuwa wa mwisho katika baiskeli, mbele ya lori langu kabisa, alikuwa mjane wa Mpole, juu ya baiskeli ya posta ya mumewe. Kwa miaka ishirini na tisa mama huyu amenijibu salamu, basi. Sikumlaumu. Tulipofika darajani alinyoosha mkono, akaingia katikati ya njia, akavuka polepole, nami nyuma yake na dada yangu nyuma yangu. Tulipomaliza daraja, pale pale kwenye kona ile, alisogea pembeni, akashusha mguu, akageuka akanitazama usoni. Kisha akanipungia mkono nipite.

Nikapita. Sasa ninajua kwa nini dada yangu alitaka dereva niwe mimi.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, ndugu wanne, kengele moja ya shaba ambayo mjukuu wa kwanza ameshaifunga kwenye baiskeli yake, na lile zoezi la Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika yadi ya kinu cha unga, saa mbili asubuhi. Mwezi ujao nitakuwa pale, na lori langu.

Dada, tumehesabu hapa makaburini, wa magari na wa baiskeli. Tumefika wote. Nawe sasa pumzika, kwa amani uliyoitafutia wengine.