Mama Pasi na Wimbo Uliofufuka katika Chumba cha Dobi

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, Mama Pasi anazima pasi yake kubwa ya mvuke baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha dobi cha hoteli yetu. Nimeombwa nimzungumzie mimi, msukuma toroli la shuka, maana hapa hakuna anayemjua kama mimi wala anayejua kusema kama mimi. Karani wa mapokezi anachapa, mimi naongea. Mkiona makosa, lawama ni zake. Mkifurahi, sifa ni zangu.

Wengi mnamjua kwa kola. Kola aliyoipiga pasi yeye, ukiigusa vibaya inakukata kidole. Shati ameunguza moja tu maishani, la meneja wa zamani, na hata mke wa meneja alisema lilistahili. Vijana waliofundishwa na mikono yake wametapakaa kila hoteli ya mji huu, na wote bado wanamwogopa.

Msichojua wengine ni kwamba alikuja hapa akiwa mwimbaji. Alikuwa amefiwa na mume, ndoa haijatimiza mwaka, na kila asubuhi mkono wake ulikuwa bado unateremsha vikombe viwili kabatini. Akatunga wimbo, "Kikombe cha Pili". Kinanda, fidla, na sauti yake ile. Wimbo mzuri, lakini mzito, jamani. Redio ikiupiga, watu wanaizima. Muuza santuri alisema bora angeuuza pamoja na leso. Kwangu mke wangu aliificha santuri yenyewe, akasema ikipigwa hata maji jikoni hayachemki.

Basi akaacha muziki, akaja kwetu. Lakini mdomo hauachi. Akawa anauimba pole pole huku anakanyaga pedali ya kushusha pasi, na pasi ile ina tabia yake: haishuki pamoja na neno, inashuka neno likishapita. Anaimba, kimya kidogo, chaka. Anaimba, kimya kidogo, chaka. Na hiyo chaka ilitoka safi kwa sababu bawaba za pasi nilizipaka grisi mimi. Andika hilo, karani.

Siku moja Kamba Nene, mpiga gitaa la besi wa bendi ya hoteli, akaja kuchukua mashati ya bendi. Akasimama mlangoni, kichwa kinaenda mbele na nyuma kama njiwa. Akaondoka bila mashati. Jumamosi bendi ikapanda jukwaani na fulana chini ya makoti, ikapiga "Kikombe cha Pili" kwa mdundo wa rege, gitaa likiiga ile chaka ya pasi. Maneno yale yale, huzuni ile ile, lakini watu waliacha sahani zao wakainuka. Mwaka haukwisha, bendi nyingine zikaudaka. Moja ikautia tarumbeta, nyingine ikaukokota mpaka besi ikatikisa madirisha. Ukaingia kwa vinyozi, ukaingia stendi, ukaingia harusini. Wimbo uliokuwa ukizimiwa redio, sasa watu wanapiga simu kuuomba.

Mama Pasi mwenyewe akafunga dirisha asiusikie. "Kile ni kilio changu," akasema, "mmekivalisha kofia." Kwa miezi suruali za bendi zilirudi na mstari wa pasi ubavuni badala ya mbele, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kamba Nene akaja kuomba radhi, akamsihi aimbe nao japo mara moja. Jibu likawa: "Nionyeshe mtu mmoja aliyefiwa akaucheza. Siku hiyo nitaimba." Kila mwaka anaomba, kila mwaka jibu ni hilo hilo.

Hapa nitapunguza utani. Mwaka jana nilimzika mke wangu. Niliporudi kazini, nasukuma toroli koridoni, redio ya jikoni ikaupiga, ule wa rege. Mguu ukaanza. Bega likafuata. Nikajikuta nacheza na toroli, machozi yananichuruzika hadi kidevuni, na kuacha siwezi. Nageuka, Mama Pasi yuko mlangoni. Nikajua nimekwisha, ulimi wake nyote mnaujua. Wapi! Alizima pasi, akaleta vikombe viwili vya chai, akaketi juu ya bunda la shuka, akausikiliza mpaka mwisho. Mara yake ya kwanza.

"Shemeji," akaniuliza, "ulikuwa unacheza au unalia?"

Nikamwambia vyote viwili, shemeji. Ule wako wa zamani ulinikalisha chini na mzigo wangu, huu umeninyanyua nao kichwani. Akanywa chai yake yote. Kisha akasema nacheza vibaya.

Wiki hii amempa Kamba Nene jibu jipya: Ijumaa anaimba. Ubeti wa kwanza ni wake, pole pole kama alivyoutunga, na asithubutu mtu kugusa ngoma. Wa pili ni wetu. Vijana sita wameshaibeba ile pasi kuukuu hadi kando ya jukwaa itupigie chaka yake, grisi nimepaka mwenyewe, na ameagiza atakayeanza kucheza niwe mimi, ili sharti lake litimie mbele za watu. Kucheza vibaya nimeruhusiwa.

Ahsante, Mama Pasi, kwa kola, kwa ulimi, kwa kikombe kile cha chai. Nenda ukapumzike, ule ushibe, ucheke, uamke utakapo. Na asubuhi mkono ukikuteremshia vikombe viwili, usikirudishe kimoja kabatini. Mlango wako tunaujua. Tutakuja kukinywa.