Walipokuja Kupalilia, Nikajifungia na Mbuzi

Mwangaluka, ndugu zangu! Jina la Bwana lisifiwe hapa Nkololo, lisifiwe na huko mashambani kwa wale ambao bado wanavuna!

Mimi ni Minza. Nilimwambia mchungaji sitasimama, maana ushuhuda wangu hauna malaika wala ndoto. Una aibu tu. Lakini leo nitausema, na atakayecheka acheke, nimeshazoea.

Ndugu zangu, mama yetu alifariki miaka ile soko huria lilipoingia huku kwetu. Baba alikuwa ameshatangulia. Zamani ushirika ulitukopesha mbegu na dawa ya wadudu, unakatwa ukiuza pamba. Mara ushirika ukayumba, wakaja wanunuzi na malori yao, na dawa ikawa ya dukani, taslimu mkononi. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza darasa la saba, nimeachiwa wadogo zangu pacha, Kulwa na Doto, shamba la pamba na mbuzi mmoja.

Baada ya matanga akaja baba mkubwa kutoka Kimali. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Minza, lima. Ukivuna, mtakaa hapa kwenu. Pamba ikikushinda, Kulwa nitamchukua akachunge ng'ombe wangu, Doto ataenda kwa shangazi yenu Mwanhuzi." Pacha, ndugu zangu! Watoto ambao hawajawahi kulala nyumba mbili! Nikalima kama mwendawazimu.

Lakini mvua ilipokolea, majani yalinizidi. Napalilia huku, kule yameota. Katikati ya hayo akafariki jirani yetu, mume wa Mama Ngolo. Mnaijua desturi: kila nyumba inapeleka unga na kuni, na wanawake wanakaa msibani wanapika. Kwangu hakukuwa na unga hata wa kukorogea uji. Nikajiuliza, nitaingiaje pale mikono mitupu, wanawake wote wananitazama? Nikabaki nyumbani. Vilio nilivisikia nikiwa jikoni kwangu, na sikwenda! Na huku kwetu asiyezika anatozwa mchenya, faini ya kijiji. Sungusungu wanakuja na filimbi zao, wanachukua mbuzi, analiwa. Ukikataa unatengwa, hupewi hata moto wa kuwashia jiko.

Basi, Jumamosi moja asubuhi nikasikia filimbi. Nachungulia, kundi zima la watu linakata kona kuja kwangu. Kulwa akasema, "Dada, wamebeba majembe." Nikamwambia nyamaza, hayo ni marungu! Hofu ikikushika huoni, ndugu zangu. Nikawaingiza watoto ndani, nikamvuta na mbuzi, nikaukaza mlango kwa gogo. Nikakaa chini nimemkumbatia mbuzi, mdomo nimemfunga kwa kanga ya marehemu mama.

Wakapiga hodi. Kimya. Wakaita jina langu. Kimya. Kisha wakaanza kuimba pambio, filimbi inalia, na majembe nayasikia yanakata udongo. Nikajua wanang'oa pamba yangu. Niliomba, lakini msidhani yalikuwa maombi ya imani. Niliomba mbuzi asilie.

Kumbe walikuwa kikundi cha huduma cha kanisa hili hili! Vijana na akina mama waliokuwa wakizunguka kwenye mashamba ya yatima na wagonjwa, na filimbi ilikuwa ya kijana aliyewapangia mistari ya kupalilia. Mimi wakati huo kanisani nilikuwa sijulikani. Jua lilipopanda, mbuzi akanishinda nguvu, akalia. Nje watu wakaangua kicheko. Mlango ukagongwa taratibu, sauti ya mwanamke ikasema, "Minza, tunaomba maji ya kunywa tu."

Nikafungua. Nguo yangu imejaa kinyesi cha mbuzi. Nikatazama shamba, limepaliliwa lote mpaka mwisho. Na aliyesimama mbele yangu, jembe begani, miguu imejaa udongo, kichwa bado amekinyoa kwa msiba, ni Mama Ngolo. Yule yule ambaye mume wake sikumzika!

Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, mchukueni mbuzi." Akasema, "Mbuzi wa nini, mwanangu? Nilijua huna unga. Nilikutegemea uje hivyo hivyo, ukae tu na mimi." Ee Bwana! Angenitukana ningepona mapema. Maneno yale yanauma mpaka leo.

Na haikuishia hapo. Watu wakikulimia, wewe ndiye wa kuwapikia, na mimi sikuwa na kitu. Wakatoa michembe yao vikapuni, viazi walivyokausha kwa ajili ya watoto wao, wakawasha moto kwenye mafiga yangu, wakawapakulia Kulwa na Doto kwanza. Nilikula nimeinamisha kichwa, machozi yanaingia mdomoni. Hapo ndipo nilipompokea Yesu, nikiwa nanuka mbuzi, haleluya!

Wakarudi tena na tena. Vijana wakaja na bomba la kunyunyizia, lile la kikundi linalozunguka shamba kwa shamba, na dawa waliyochangiana, wakanifundisha kupiga. Baadaye nami nikapewa jembe, nikaenda nao kwa wengine.

Wakati wa mavuno baba mkubwa akaja na baiskeli, na kamba ya kufungia mzigo wa mtoto ameshaitayarisha. Akapita shambani. Pamba ilikuwa imefunguka kila mahali. Akanywa maji, akasema, "Haya." Akapanda baiskeli, akarudi Kimali peke yake.

Ndugu zangu, utukufu ni wa Mungu! Nakishukuru kikundi. Mama Ngolo, nakuona pale, bado naona haya kukutazama usoni, lakini asante. Na wewe uliyejificha nyumbani kwa sababu huna nguo ya ibada, huna sadaka, umekosa mazishi, unaogopa watasema nini, njoo. Mtumaini Bwana, hajakuomba unga. Njoo hivyo hivyo ulivyo, utukute na sisi tuna aibu zetu.

Kulwa, Doto, simameni watu wawaone. Simameni wote wawili.