Usukani Ulipotetemeka Juu ya Segese

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana, hiyo amina ya uchovu siipokei. Bwana asifiwe!

Wengi hapa Nyahanga mnanijua kama Mama Kulwa, binti wa mkulima wa Bukombe. Kazi yangu ni rubani msaidizi. Nilikuwa nimeokoka, naimba kwaya, lakini nilikuwa na kifungo ambacho hata mchungaji hakukijua: sikuweza kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Nyumbani tulilelewa hivyo, mtoto hamsahihishi baba, na mimi nikapanda na malezi hayo hadi angani. Kapteni wangu ni rika la baba yangu. Kila asubuhi, shikamoo baba, marahaba mwanangu. Akikosea, nameza mate.

Sasa sikieni. Ubavuni mwa ndege yetu kuna vihisio vinavyopima jinsi hewa inavyokutana na bawa. Pua ikiinuka mno na mwendo ukipungua, bawa linashindwa kuibeba ndege. Kabla ya kufika hapo, usukani hutetemeka kwa nguvu mikononi mwa rubani. Hilo ndilo onyo. Wiki moja kabla ya siku ninayowashuhudia, nyigu walijenga kwa udongo kwenye kihisio kimoja, tukapata onyo la uongo. Mafundi walisafisha, lakini Kapteni hakukiamini tena.

Siku hiyo mchana tulikuwa tunashuka kuelekea uwanja wa ndege wa mgodini, abiria ni wafanyakazi wa zamu, mvua imefunika mashamba ya Segese. Usukani ukatetemeka. Kapteni akacheka, "Nyigu wale tena!" Akaona tunashuka zaidi ya alivyotaka, akavuta usukani, pua ikapanda. Nikatazama spidi upande wake, nikatazama upande wangu. Zote zinaporomoka! Nyigu gani wa kuziba kila kitu kwa pamoja? Onyo lilikuwa la kweli!

Na mimi nikasema nini? "Samahani baba, naona kama spidi imepungua kidogo." Kidogo! Watu wanakaribia kufa, mimi nabembeleza! Hakunisikia. Bawa la kushoto likalala, nyuma mama mmoja akamlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayo wane!" Niliogopa kifo, na bado nilimwogopa Kapteni zaidi. Nikaita moyoni, Yesu, nifungue kinywa!

Kikafunguka! "Acha kuvuta! Shusha pua!" Sikusema baba, sikusema samahani. Nikausukuma usukani mbele kwa mikono miwili. Ndugu zangu, kushusha pua huku ardhi inakujia usoni, mwili wote unakataa! Lakini dawa ni hiyo tu. Kapteni akaacha kuvuta, akaongeza nguvu ya injini. Tulishuka hadi nikaona watu wanakimbia kwenye majaruba ya mpunga. Kisha usukani ukatulia, ndege ikapanda.

Tulipotua nilipiga magoti chini ya bawa nimwombe radhi kwa kumfokea. Akaniinua. "Mwanangu," akasema, "heshima yako ilibaki kidogo ituzike wote." Akaenda mwenyewe kwa wakubwa kueleza kosa lake.

Abiria walishuka wakinung'unika kwamba marubani wa siku hizi hawajui kazi. Nililia kwa furaha kuwasikia wakinung'unika! Asante, Yesu!

Ndugu yangu unayemwona mkubwa wako akielekea shimoni nawe umenyamaza, mtumaini Bwana, useme leo. Usingoje kusifiwa adabu msibani.