Mithali Inategemea Ukuta

Kabla ya alfajiri kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni, na bibi akajua asipokunywa chai upesi treni itamwacha. Haikumwacha. Alikaa mkabala na watu wawili wasiojuana, mama fundi cherehani na mchoraji anayeandika mithali kwenye kuta, akatega sikio huku akijifanya anasinzia.

Fundi alikuwa akienda kwa dada yake. Hawajasemezana miaka miwili, tangu wagombanie cherehani ya marehemu mama yao. "Naogopa atanifungia mlango," alisema.

"Subira huvuta heri, mama," mchoraji akamwambia. "Rudi nyumbani, ungoje akuite."

"Nimesubiri miaka miwili, kaka. Haijavuta hata ndoo ya maji."

"Basi nenda. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Sasa nirudi au niende?"

"Inategemea ukuta. Shuleni naandika ya subira, sokoni naandika ya haraka. Wote hunishukuru."

"Na nyumbani kwako umeandika ipi?"

"Kwangu mke wangu amenikataza."

Bibi alimeza kicheko. Hata hivyo aliona kwamba safari nzima huyo bingwa wa hekima alikuwa amempakatia mwenzake kikapu, na wala hakukitajia mithali.

Treni ikapunguza mwendo. Mchoraji akakohoa kuanza mithali ya tatu, lakini fundi alikwisha kupiga simu. "Dada, nimefika stesheni ya kwenu."

Kisha sauti kali ikasikika behewa zima: "Njoo! Lakini leo tutagombana tu. Kwa hiyo na Jumapili uje tena."