Nimekuja Kuurekebisha Ushuhuda Wangu

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana leo sauti ninayo! Najua wengine mnanong'onezana, huyu si alishashuhudia? Ndiyo, nilisimama hapa hapa. Leo nimekuja kuurekebisha ushuhuda ule.

Ndugu zangu, mnakumbuka nilifanyiwa operesheni ya goita. Daktari aliniambia tezi ya shingo imetolewa yote, kwa hiyo nitameza kidonge kila asubuhi, maisha yangu yote. Haukupita muda, ikazunguka meseji kwenye simu: acha vidonge, kunywa juisi ya majani ya mstafeli, tezi itaota upya. Nami kwa ujuaji wangu nikatupa vidonge chooni, nikaja hapa nikatangaza nimeponywa. Mkanipigia vigelegele. Lo, nilivyovimba kichwa!

Tezi haikuota. Jua la hapa kwetu Kikwe linawaka, mimi nimevaa sweta mbili! Uso ukaumuka, nywele zikakatika, nikasinzia katikati ya pambio nikiwa nimesimama. Sauti ikakwaruza mpaka mwalimu wa kwaya akanitania nihamie besi kwa akina baba. Nilicheka, lakini niliogopa sana. Ningerudije hospitali, na vigelegele mlishapiga? Aibu ilitaka kuniua, ndugu zangu.

Siku moja mama mkwe alinikuta siwezi kuinuka kitandani. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, maji ya mlimani anayaleta Mungu, lakini mfereji tunauzibua wenyewe. Umewahi kuona nimekaa nyumbani zamu yangu ya kwenda mferejini na jembe ikifika?"

Akanipeleka hospitali. Wakapima damu, wakanirudishia kidonge changu kidogo. Haleluya! Baada ya wiki kadhaa sweta zilirudi kabatini, na leo mmenisikia wenyewe kwenye wimbo wa kwanza!

Sasa kilichonileta mbele. Juzi tukipamba kanisa, mama mmoja alinishukuru. Ushuhuda wangu ulimtia moyo, naye ameacha vidonge vyake vya tezi. Aibu ikanirudia, nikaendelea kufunga maua.

Mama yangu, sikutaji, lakini nakuona ulivyojitanda kanga mbili na joto hili. Nisamehe. Mungu amenirudishia sauti nikuambie mapema: mtumaini Bwana, na kidonge umeze. Kesho saa moja asubuhi nakupitia twende wote hospitali. Usinywe chai kwanza, kidonge hiki humezwa tumbo likiwa tupu. Tutainywa pamoja tukishatoka, tukimshukuru Mungu.