Kimya Katikati ya Wimbo

Benchi la jengo la sita, hapa Taldykorgan, halikosi watu kuanzia saa kumi jioni. Siku hiyo walikuwapo watatu na birika la chai ya maziwa: Redio, asiyefunga mdomo, Daktari, ambaye maisha yake yote ametibu kondoo tu, na Mzee Sakentai, aliyenuna. Mjukuu wake Zhanel alikuwa ameuchukua wimbo wa ala ya dombra uliotungwa na marehemu baba wa mzee huyo, akauandikia noti za fidla nne, ndogo kwa kubwa. Onyesho lilikuwa kesho yake, na mzee alikuwa ameapa hatakanyaga. Moyoni alitamani kwenda, tena sana, lakini mtu akishaapa kijiweni anaanzia wapi?

— Dombra ina nyuzi mbili, alisema Sakentai. Wao wanazo kumi na sita. Za nini zote hizo?

— Za akiba, alijibu Redio. Moja ikikatika wasikwame.

— Wewe nawe. Na pale katikati, baba alipokuwa akinyamaza? Watu wa noti hawawezi kunyamaza, watapajaza.

— Kimya kile ni farasi anayekunywa maji, alisema Daktari.

— Farasi gani anakunywa upesi hivyo? alidakia Redio. Baba yake Sakentai alikuwa anasikiliza mbwa mwitu.

— Acha zako, alisema Daktari. Alikuwa anamngoja mkewe alete nyama. Isipokuja, hamalizi.

Sakentai alicheka bila kupenda, chai ikampalia.

Hapo akafika binti mmoja, fidla kubwa mgongoni.

— Shikamooni. Mimi Aqbota, napiga na Zhanel. Mzee Sakentai, kwenye noti ameandika “hapa nyamazeni”, basi. Tunabishana tangu asubuhi. Tunyamaze kwa muda gani?

Sakentai akaupiga wimbo gotini kwa vidole, akafika pale, akanyamaza, kisha mkono ukaendelea wenyewe. Asingeweza kusema ni muda gani.

— Kwa hiyo Zhanel hakupajaza? aliuliza mzee.

— Amekataza hata tusipumue kwa sauti.

Furaha ilimjaa mzee kifuani. Akasimama, akajipangusa makombo.

— Twende. Nitakaa mbele yenu. Nikiinua kichwa, mwendelee.

— Si uliapa? aliuliza Redio.

— Niliapia onyesho. Leo ni mazoezi.

— Na kesho, babu, nani atatuinulia kichwa? aliuliza Aqbota.

Mzee alikuwa ameshatangulia hatua kadhaa.

— Mniwekee kiti cha mbele, alisema. Mbele kabisa.